Kuku wa Jirani, Bamia Zilizoungua, na Kuku Kumi Ambao Hujawanunua

Swali: "Bwana Mifugo, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Makorora hapa Tanga. Nyuma ya nyumba nina kijibustani: matuta mawili ya mchicha, bamia kidogo, nyanya chungu, matembele na mpapai mmoja. Tangu kaskazi ianze nimepata mikosi mfululizo. Kuku wa jirani walipita chini ya ua wa makuti wakachakura mchicha uliokuwa ndio kwanza umeota, haukubaki hata mche. Jirani mwenyewe ni mtu mzima na mstaarabu, akaja kuniomba radhi na gunia la samadi ya kuku. Nikaimwaga kwenye bamia. Haikupita wiki, majani yakaanza kukauka pembeni, mengine yakawa ya njano. Sasa shoga yangu ananiambia ninunue kuku kumi nami nifuge, nipate mayai na mbolea yangu mwenyewe. Je, kuku na bustani vinakaa nyumba moja, au nichague kimoja?"

Jibu: Dada yangu, pole sana. Kuku na bustani hukaa nyumba moja bila ugomvi, ila wewe usinunue kuku kumi. Si sasa hivi, na kwa eneo ulilonieleza, nadhani si kumi hata mwakani. Huko nitafika. Tuanze na bamia, maana hizo bado zinaokoleka ukiwahi.

Samadi ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe au mbuzi, na ukali wake unatokana na maumbile ya ndege. Kuku hakojoi kama sisi. Ile sehemu nyeupe unayoiona juu ya kinyesi chake ndiyo mkojo wenyewe, umetoka pamoja na choo, na humo ndimo ilimo naitrojeni nyingi, kirutubisho kinachokuza majani. Ikipata unyevu, vijidudu huigeuza kuwa amonia, ile harufu inayokuchoma pua na kukutoa machozi ukifungua banda asubuhi. Amonia ikikutana na mizizi michanga inaiunguza. Juu ya hayo, samadi mbichi ina chumvichumvi nyingi, na chumvi ikizidi udongoni mmea hushindwa kuvuta maji hata kama umemwagilia asubuhi na jioni. Ndiyo sababu majani yako yalianza kukauka pembeni na si katikati. Pembeni ndiko maji yanakofika mwisho. Na mchanga wetu wa pwani unaongeza balaa. Udongo wa mfinyanzi hushika sehemu ya ukali huo ukauachia polepole. Mchanga haushiki kitu, kila ulichomwaga juu kinashuka moja kwa moja mpaka kwenye mizizi.

Kwa hiyo leo jioni jua likipoa, kwangua samadi yote iliyo juu ya tuta, taratibu usije ukakata mizizi, uirundike pembeni. Usiitupe, tutaihitaji. Kisha mwagilia maji mengi kuliko unavyozoea, yazame yaende chini na zile chumvi. Ndoo mbili kwa kila mita moja ya tuta si nyingi kwenye mchanga. Rudia siku tatu nne. Baada ya hapo tandaza nyasi kavu au majani makavu, lakini yasiguse shina. Usiongeze mbolea ya aina yoyote, na mtu akikushauri yurea "ili zirudi kijani", mshukuru uendelee na shughuli zako. Yurea, mbolea ya dukani, ni naitrojeni hiyohiyo iliyokuletea matatizo.

Kisha uangalie kilele cha kila mche. Kama pale juu panapotoka jani jipya pamebaki kijani na laini, mche huo utapona. Ya chini yaliyokauka yatadondoka, wewe usiyahangaikie. Kama kilele kimekauka, ng'oa, utapanda mwingine. Bamia haikai sana, ikipata maji huanza kuzaa ndani ya miezi miwili hivi, kwa hiyo hasara yako si kubwa.

Sasa lile rundo la pembeni pamoja na kilichobaki kwenye gunia. Hiyo ni mali, ila haijaiva. Tafuta vitu vikavu: majani ya mwembe, nyasi, maboksi yaliyochanwachanwa, maranda kutoka kwa mafundi seremala. Kwa ndoo moja ya samadi weka ndoo mbili au tatu za vitu vikavu, tabaka juu ya tabaka, mpaka rundo lifike kama mita moja kwenda juu na mita moja upana. Dogo kuliko hapo halishiki joto. Nyunyizia maji kila tabaka. Kipimo cha maji ni mkono: chota konzi ndani ya rundo, iminye. Kiganja kikilowa bila tone kudondoka, ni sawasawa. Yakidondoka umezidisha, na rundo litanuka mpaka jirani ajue.

Chomeka fito katikati ya rundo uiache. Siku ya tatu au ya nne ichomoe, ishike ile ncha iliyokuwa ndani. Ikikuunguza kiasi cha kutaka kuiachia, kazi inakwenda vizuri. Rundo lililochanganywa vyema hupanda mpaka nyuzi joto 55 na zaidi, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa. Ikiwa baridi, ama maji hayatoshi, ama samadi ni kidogo. Ligeuze kila baada ya wiki mbili, la nje liende ndani. Mwezi wa pili au wa tatu utaona limekuwa jeusi, linameguka, na harufu ni ya udongo uliopata mvua. Hapo ndipo samadi imekuwa mboji. Ndoo moja ya lita 20 inatosha tuta la urefu wa mita 5 na upana wa mita 1, ukiichanganya na udongo kabla ya kupanda. Ukianza sasa, mboji yako itakuwa tayari masika yakiwa yameshaingia. Mvua zikianza, lifunike rundo kwa makuti au turubai, la sivyo mvua itaufyonza utamu wote ukaishie mferejini.

Tahadhari moja ambayo wengi huipuuza. Mchicha na matembele unavipika, moto unasaidia. Lakini kama una mpango wa nyanya, matango au giligilani za kachumbari, samadi mbichi isikaribie tuta hilo kabisa. Kinyesi cha kuku huweza kubeba salmonela, kijidudu cha kuharisha, na mtoto akiipata utakesha naye hospitali. Kwa mboga zinazoliwa mbichi na zinazogusa udongo, wakulima waangalifu huacha siku 120 zipite kati ya samadi mbichi na mavuno. Ukitumia mboji iliyoiva huhitaji hesabu hizo.

Tuje kwa kuku wa jirani. Kuku hachakuri kwa utundu. Miguu yake imeumbwa kwa kazi hiyo, kutwa anatafuta wadudu, mbegu na vijani laini, na anajua kwamba udongo mbichi uliolegezwa ndio wenye riziki. Kipindi hiki cha kaskazi mtaa mzima umekauka, ardhi ni ngumu kama saruji, halafu nyuma ya nyumba yako kuna tuta limepaliliwa, limemwagiliwa, na juu yake pameota mchicha mlaini wa siku nne. Hata ningekuwa kuku mwenye adabu zangu ningekuja. Jambo la pili analolitafuta ni mahali pa kuoga vumbi. Kuku hujigaragaza kwenye udongo mkavu uliolainika ili kuondoa chawa na utitiri, na asipopata kwao atachimba beseni lake katikati ya matembele yako.

Usijaribu kuzungushia ua mzima, gharama itakushinda na kuku watapata mwanya palepale ulipopasahau. Zungushia tuta. Siku ya kusia mbegu, lifunike kwa makuti makavu yaliyolazwa. Mbegu zikichipua baada ya siku tatu mpaka tano, yainue makuti hayo yawe kichanja kidogo cha kivuli, na pembeni uweke wavu. Nenda kwa wavuvi, Deep Sea au Sahare, uulizie nyavu kuukuu. Kuna zinazotupwa kabisa, kuna za kununua kwa bei ya soda. Chagua wavu wa nyuzi nene. Ile nailoni nyembamba isiyoonekana hunasa miguu ya kuku na kuikata, na kuku wa watu akifia kwenye wavu wako, aliyekuwa mdai anageuka kuwa mdaiwa.

Kuhusu urefu, wengi hukosea hapa. Kuku wa kienyeji anapanda ukuta wa mita moja na nusu bila jasho, lakini mwangalie anavyofanya: harushi mwili moja kwa moja mpaka upande wa pili. Anarukia juu ya ukuta, anatua, anachungulia, ndipo anashuka. Akikosa pa kutua, anaghairi. Kwa hiyo wavu wako usiufunge fito kwa juu. Uache ulegee, uyumbeyumbe. Mita moja na robo ya wavu legelege kuzunguka tuta jembamba inazuia kuku kuliko ukuta wa tofali wenye kingo nzuri ya kusimamia. Chini ubane kwa mawe au vigingi kila hatua moja, kwa kuwa wako walipita chini.

Halafu kazungumze na jirani. Naona umeshapata bahati, mtu anayekuja kuomba radhi na gunia mkononi si wa kumpoteza. Usimwambie "fungia kuku wako", hilo litamtia unyonge na hatalifanya. Mwombe jambo ambalo faida yake anaipata yeye: asiwafungulie alfajiri, awaache bandani mpaka saa nne, na kabla ya kuwafungulia awape pumba kidogo na maji. Kuku wengi hutaga asubuhi. Anayewafungulia alfajiri, mayai yake yanatagwa vichakani, kwenye ghala la mtu, chini ya matembele yako, na mengine yanaliwa na kenge. Akiwazuia mpaka saa nne, mayai yanabaki kiotani, na wakitoka wameshiba hawachakuri kwa pupa. Nimewaona wafugaji wa mitaa ya Ngamiani na Mabawa wakidhani kuku wao wameacha kutaga, kumbe mayai yanaokotwa na watoto wa nyumba ya tatu. Na umwambie achanganye mchanga na majivu kwenye karai lililotoboka au pembeni chini ya kivuli, kuku waogee hukohuko.

Ikishindikana kabisa kuna mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na halmashauri zina sheria ndogo kuhusu mifugo inayozurura. Lakini kabla ya kufika huko ujiulize kama mchicha ule una thamani ya salamu za miaka kumi ijayo.

Kitu kimoja sitaki hata kukisikia: sumu. Kila mwaka mtu mmoja mahali fulani anachoka, anachanganya sumu ya panya na mahindi. Anakufa kuku, anakufa paka, mtoto anaokota, na mzoga wa kuku unaweza kuishia sufuriani kwa mtu asiyejua. Kadhalika na dawa za kupulizia wadudu. Ukipulizia mchicha wakati kuku wa watu wanapita, unawalisha dawa wao, na anayekula mayai yao anapata ya kwake. Kwa bustani ya ukubwa wako, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yakalowekwa usiku mmoja, yakachujwa, yanatosha kwa vidukari na viwavi wachanga. Vilivyobaki okota kwa mkono jioni.

Sasa hao kuku kumi wa shoga yako. Tupige hesabu. Kuku mkubwa anayetaga anahitaji karibu gramu 120 za chakula kwa siku. Kumi ni kilo 1.2 kwa siku, kilo 36 kwa mwezi. Makombo ya nyumba yako hayafiki huko. Kilichopungua ama utakinunua, ama utafanya wanavyofanya wengi: utawafungulia wakajitafutie. Watajitafutia kwa nani? Kwa jirani, naye safari hii ndiye atakayekuandikia Bwana Mifugo. Upande wa mbolea, kuku mmoja hutoa gramu 100 hadi 150 za kinyesi kibichi kwa siku, kwa hiyo kumi watakupa zaidi ya kilo 30 kwa mwezi. Matuta yako hayahitaji hata nusu ya hiyo, na umeshaona samadi ikizidi inafanya nini. Tena samadi unayo tayari, iko ng'ambo ya ua. Mpe jirani mabua ya mchicha, majani ya nje, nyanya chungu zilizotobolewa na wadudu. Yeye akupe kinachofagiliwa bandani. Kuku wake wanakula mboga, bustani yako inakula samadi, na wewe hulipii pumba.

Kama hamu yako ni mayai ya watoto, hapo nakuunga mkono, ila anza na mitetea minne. Jogoo humhitaji. Kuku hutaga bila jogoo, mayai hayo hayaanguliki tu, kwa kula ni yaleyale, na mtaa wenu utalala. Kuku wa kienyeji wa kawaida hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka kwa sababu kila baada ya mayai kumi na kitu anataka kuatamia. Chotara kama Kuroiler au Sasso hupita 150 wakilishwa vizuri, lakini hawapendi kuatamia, na ukiwalisha kienyeji watataga kienyeji. Kuchi waache kwa wenye mapenzi yao. Ni ndege mzuri wa kutazama, anauzwa bei nzuri, anataga kidogo, na miguu ile ikiingia kwenye tuta utafikiri limepita trekta.

Usinunue sasa. Joto la Januari mpaka Machi linawatesa kuku wageni, na masika yakiingia maranda ya banda jipya yanalowa, koksidiosisi, ugonjwa wa matumbo ya kuku, inashika wadogo, unaona kinyesi chenye damu. Nunua mvua zikishakatika, mwezi wa sita au wa saba. Kabla ya hapo jenga banda, na banda la kuku wanne si ujenzi wa kukopea: mita mbili za mraba, limenyanyuliwa juu ya nguzo, upande wa kusini umezibwa kwa kuwa upepo wa kusi na mvua zake hutoka huko, pande nyingine wavu ili hewa ipite. Bati peke yake hapa Tanga ni tanuri. Weka makuti juu ya bati. Kiota kimoja kinatosha wanne, sentimita 30 kila upande, penye kiza kidogo. Kila mguu wa banda uusimamishe ndani ya kopo lenye oili chafu, kwa ajili ya siafu. Wasiowahi kuona siafu wakimkuta kuku anayeatamia huidharau tahadhari hii. Yeye haondoki kwenye mayai, na asubuhi unakuta manyoya.

Siku wakifika, usiwafungulie. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa mfugaji hayo ni maelekezo ya kazi. Wafungie bandani wiki mbili nzima. Kwanza wajue kwao ni wapi, la sivyo jioni watalala kwenye mwembe wa mtu. Pili, kama wametoka na ugonjwa sokoni, utajitokeza wakiwa ndani kwako kabla hawajachangamana na wa jirani.

Ugonjwa wenyewe ninaoufikiria ni mdondo, wengine wanauita kideri. Hapo nataka unisikilize kuliko mahali pengine pote. Kuku anashusha mbawa, anahema kwa mdomo wazi, anaharisha kijani, shingo inapinda, na ugonjwa huo ukiingia banda lisilochanjwa unaweza kuondoka na karibu wote ndani ya siku chache. Dawa hakuna. Pilipili kichaa, shubiri, majivu, vidonge vya binadamu, vyote nimeona vikijaribiwa, na kuku wakafa na pilipili zao. Kilichopo ni chanjo. Ile ya I-2, ambayo mbegu yake ilitoka Australia, inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, na hapa nchini inatengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Ni tone moja kwenye jicho moja, kuku mkubwa kwa mdogo, unarudia kila miezi mitatu. Lazima kuku awe mzima. Ukichanja aliyeshaugua unapoteza tone. Chupa iliyofunguliwa haiwekwi akiba ya mwezi ujao, na inapotoka dukani isipigwe jua.

Shida ni kwamba chupa moja ina matone ya kuku wengi sana kuliko wanne wako, na ndiyo maana wenye kuku wachache huacha kuchanja. Hilo nalo lina dawa, na dawa yake ni majirani. Chagueni siku moja, wenye kuku wa nyumba zote za hapo karibu mchange, mmoja aende duka la dawa za mifugo na chombo chenye barafu, jioni kuku wakishaingia mabandani mnapita nyumba kwa nyumba na tochi. Kuku akiwa amelala hakimbizwi. Afisa mifugo wa kata akiombwa mapema huja kuwaonyesha namna ya kudondosha. Ukichanja wanne wako ilhali wa jirani thelathini hawajachanjwa, ugonjwa utaendelea kuzunguka nje ya mlango wako. Ndui ya kuku ina chanjo yake pia, huchomwa kwenye ngozi ya bawa. Kwa kuwa mbu ni miongoni mwa waenezaji, ifanyeni kabla ya masika. Kuku akifa ghafla, mchimbieni shimo refu. Asitupwe jalalani, wala asiuzwe kwa mama ntilie.

Chakula sitakaa nacho sana. Pumba, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo wasio na chumvi, mboga za bustani. Chicha la nazi ni zuri, ila liwe la mchana huohuo. Likilala linachacha na kuwaharisha. Ganda la yai likiwa laini, waokotee makombe ufukweni, yaoshe chumvi kwa maji ya bomba, yaponde. Parachichi na maganda yake wasipewe, yana sumu kwa ndege. Na mahindi yaliyoota ukungu si "ya kuku", kama watu wanavyopenda kusema. Sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 ilitokana na mahindi ya aina hiyo. Kuku akiila inamharibu ini na anakoma kutaga. Mahindi hayo yachome moto.

Kuku wako wanaruhusiwa kuingia bustanini, tena ni wafanyakazi wazuri, ila kwa zamu. Tuta likishavunwa mchicha wa mwisho, zungushia wavu uleule, safari hii kuku wakiwa ndani. Waache siku tatu nne, kuanzia saa kumi jioni mpaka kiza kiingie. Watakula mabuu, panzi, mayai ya konokono na magugu machanga, watalegeza udongo, wataacha samadi kidogo isiyounguza. Watoe, changanya mboji, mwagilia, acha wiki mbili, sia mchicha tena. Wakati huo tuta la pili ndilo linalovunwa. Matembele wanaweza kuyadonoa wakati wowote, yanarudi. Pilipili na mchaichai kwa kawaida hawavigusi, kwa hiyo hivyo uvipande pembeni, upande wanaopita.

Vifaranga ni hadithi nyingine kabisa, na kwa kuwa nimekushauri usiwe na jogoo, sitaianza. Kunguru wa hapa mjini wanaokwapua vifaranga, wao pekee wanahitaji jibu lao. Nitumie habari za vilele vya bamia baada ya wiki mbili. Kama vimeshindwa, kabla ya kupanda tena chota udongo wa tuta hilo ujaze kopo, usie mbegu kumi za mchicha, umwagilie. Zikiota nane na kubaki kijani kwa wiki nzima, udongo umeshapoa, panda. Zikiungua ncha, endelea kumwagilia tuta tupu kwa wiki moja zaidi ndipo ujaribu tena.